Haijakatwa, Imefungwa

Jumamosi ya tarehe nane Machi mwaka huu tulimzika Dada Salome kwao Mgwashi. Mvua ilikuwa imeanza alfajiri na udongo ulikuwa mzito kwenye majembe. Mimi ni Mwislamu, yeye alikuwa Mlutheri, kwa hiyo nyimbo za kwaya sikuzijua. Nilisimama pembeni na kofia yangu mkononi, nikamwangalia mtu aliyenifundisha kazi akishushwa.

Vijana wawili wa tawi letu walikuja na gari la benki. Walinisalimia vizuri, kisha mmoja wao, binti anayekaa sasa kwenye dirisha lililokuwa langu, akaniuliza, "Babu, ni kweli Mama Salome alikuwa anaweza kuitambua hundi ya uongo kwa kuigusa?" Nikamwambia si kweli. Alikuwa anaisoma. Tofauti yake na sisi wengine ni kwamba alikuwa anaisoma yote, hata pembeni. Nilipofika nyumbani niliona niandike kidogo, maana nimestaafu Desemba iliyopita na sina dirisha tena la kusemea.

Mambo ya vyeo na mishahara nayaacha. Mliomo kazini mnayajua, na msiomo hayatawasaidia.

Niliingia pale tawini Lushoto nikiwa na darasa la saba na koti la kuazima. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kuchemsha chai na kupeleka barua posta. Siku ya kwanza nilifika mapema mno, ukungu umejaa mpaka sikuuona mlango, nikamgonga Mzee Hassani, mlinzi wetu, aliyekuwa amesimama mbele yake. Akasema, "Kijana, benki inaibiwa kwa upole zaidi ya huo." Tukawa marafiki tangu siku hiyo.

Dada Salome alikuwa dirisha la kwanza. Meza yake ilikuwa na vitu vichache: pedi ya wino, muhuri, kisahani chenye sponji la maji la kulowanisha vidole, boksi la kadi za sahihi za wateja, na rula ya mbao iliyolika upande mmoja. Mchana mmoja hakukuwa na watu, akanipa kipande cha gazeti na ile rula. Akaniambia nichore mistari miwili sambamba kwenye pembe ya juu, kushoto. Nikachora. Akatazama, akasema, "Bwana mdogo, hiyo ni barabara ya Mombo. Hii ya kwetu haina kona." Nikarudia mpaka gazeti likaisha.

Ndipo akanieleza kazi ya mistari ile, na mimi nawaeleza kama alivyonieleza. Hundi isiyo na mistari ni hundi ya wazi. Ni karibu sawa na noti. Iliyoandikwa alipwe aliyeileta, anayeiokota stendi anaweza kuja nayo dirishani akaondoka na fedha, na wewe keshia huna la kumwuliza. Iliyoandikwa jina inaulizwa jina, lakini majina kwetu yanafanana, na fedha ikishatoka mlangoni haina alama ya miguu. Ukiichora mistari miwili, umeiambia benki jambo moja tu: usitoe fedha mkononi kwa hundi hii, iingize kwenye akaunti. Basi. Mwizi akitaka kuila ni lazima awe na akaunti, na akaunti ina jina, picha, sahihi na kijiji. Anaweza kuila, lakini ataila akiwa anaonekana.

Kuna mistari mitupu, na kuna mistari yenye maneno katikati. Maneno yanayotumika sana, na siku zile yaliandikwa kwa Kiingereza, maana yake ni: kwa akaunti ya mlipwa tu. Mitupu inaruhusu mwenye hundi kutia sahihi nyuma akampa mtu mwingine aiingize kwenye akaunti yake. Yenye maneno hayo hairuhusu. Jina lililo mbele ndilo litakalokuwa kwenye akaunti, hakuna njia ya uani. Wengine wanaandika katikati jina la benki, ili hundi ipitie benki hiyo peke yake. Na mistari ikishachorwa, wa kuifungua ni yule aliyeiandika hundi, kwa sahihi yake kamili. Si meneja wala si mkuu wa wilaya.

Hilo la mwisho lilijadiliwa siku moja kwa kirefu. Alikuja mkulima wa kabichi na hundi ambayo mbuzi wake alikuwa amekula pembe. Pembe yenyewe ndiyo ile ya mistari. Vilibaki vipande viwili vya mstari, vifupi kama kucha. Mkulima alitaka fedha mkononi, anasema mistari haipo. Keshia wa dirisha la pili akaanza kukubali. Dada Salome akasema, bila kuinua kichwa, "Mbuzi si mwandikaji wa hundi. Hawezi kuifungua." Mkulima alicheka mpaka akakubali kurudi kwa aliyemwandikia apewe nyingine. Mbuzi sijui aliishiaje.

Jinsi nilivyotoka kwenye ufagio nikafika dirisha la tatu ni habari ndefu ya masomo ya jioni na mitihani ya kujitegemea, nairuka. Nataka kufika kwa Mwanahawa wa Vuga.

Ilikuwa asubuhi ya siku ya gulio. Tulikuwa tunakunywa chai kwa zamu nyuma ya kaunta, Mzee Hassani akaingia kuchukua kikombe chake. Akasema, kama mtu anayetoa habari ya hali ya hewa, "Leo nimemwokolea mama mmoja foleni. Kaja na cheki iliyokatwa, nikamrudisha."

Dada Salome akashusha kikombe. "Shikamoo Mzee Hassani, nilisahau kukusalimia. Imekatwa na nani?"

"Marahaba. Nitajuaje? Ina mistari miwili, hivi," akachora hewani kwa kidole. "Kama mwalimu alivyokuwa akinifanyia kwenye hesabu. Nikamwambia, mama, hii wameikata, rudi nyumbani."

"Akasemaje?"

"Alilia kidogo, akaenda."

Sasa hapa lazima nisimame kwenye neno lenyewe. Kwetu risiti inakatwa, tiketi inakatwa, na hayo ni mambo mema. Mshahara ukikatwa ni habari nyingine. Jina likikatwa kwenye orodha, umekwisha. Mtu aliyeshika karatasi yenye jina lake, na juu yake mistari miwili, akiambiwa imekatwa, hafikirii tiketi. Anafikiria daftari la shule na kalamu nyekundu. Mzee Hassani hakuwa mjinga wala hakuwa na ubaya. Alisoma mistari kama sote tulivyofundishwa kuisoma.

Dada Salome alimwuliza kama anamfahamu. Anamfahamu: Mwanahawa, mjane, mumewe alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha chai na alifariki mwaka ule. Hundi ilikuwa ya mafao ya marehemu. Anaishi Vuga, kwenye boma la wakwe zake, na nyumba anayolala ni ya shemeji yake, Rashidi.

Nilianza kusema kwamba mwenyewe atarudi tu, Dada Salome akanikatiza. Hundi ina uhai wa miezi sita, kisha haifai. Na mtu aliyeambiwa imekatwa ataifanyia nini? Ataitupa, au atampa mtu mwingine.

Jumapili, baada ya ibada yake, tulipanda gari hadi Soni, na kutoka pale tukapata lori la mbao la kwenda Vuga. Tulimkuta Mwanahawa anamenya mihogo uani. Alimwona Dada Salome, akainuka akifuta mikono. "Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Pole na msiba. Mimi natoka benki."

Nikaona anaogopa. Alidhani tumekuja kumdai. Dada Salome akahamia Kishambaa, nami nawaandikia kwa Kiswahili. Akamwambia hundi yake haijakatwa, ni nzima, na iko wapi?

"Anayo shemeji. Amekwenda nayo Tanga tangu jana. Atakuwa benki kesho asubuhi."

"Alikuambia anakwenda kufanya nini?"

"Kuifufua," alisema Mwanahawa. "Alisema iliyokatwa kuna namna ya kuifufua mjini, yeye ana akaunti huko. Akaniwekesha kidole nyuma."

Akanyoosha dole gumba. Lilikuwa bado na wino wa zambarau.

Ninyi mliosoma nilivyoandika hapo juu mnaelewa tulivyoshtuka. Kama mistari ilikuwa mitupu, kidole kile nyuma kilitosha. Rashidi angeiingiza kwenye akaunti yake, na kwa sheria ya benki hakuna ambaye angekuwa amekosea. Mwanahawa angeweza kulalamika, lakini angelalamika akiwa anakaa chini ya paa la huyo anayemlalamikia.

Dada Salome akauliza taratibu, "Mdogo wangu, katikati ya ile mistari miwili kulikuwa na maandishi?"

"Sijui kusoma vizuri, dada. Kulikuwa na vidudu vidogo vidogo."

Dada Salome akacheka, kicheko kifupi, cha kwanza siku ile. "Basi tuwategemee hao vidudu."

Lakini njiani, juu ya mbao za lori, hakucheka. Aliniambia vidudu vinaweza kuwa jina la benki tu, au muhuri wa kiwanda. Hakuwa na hakika. Mimi nilimwuliza kwa nini tusipige simu Tanga. Akaniuliza nitapigia dirisha lipi, katika benki ipi, nikasema nini? Kwamba mtu fulani asilipwe hundi ambayo sijaiona? Kazi yetu, alisema, inaishia kwenye karatasi iliyo mbele yetu. Karatasi isipokuwepo, tunangoja kama watu wengine.

Tulingoja Jumatatu nzima. Jumanne kabla ya mchana mwanamume mrefu mwenye kofia ya pama aliingia, akasimama dirisha la kwanza. Mimi sikumjua, ila Mzee Hassani mlangoni alinionyesha kwa kidevu.

"Habari za kazi, mama."

"Njema, kaka. Karibu."

Akatoa hundi kwenye mfuko wa shati, imekunjwa mara nne. Dada Salome akaikunjua, akailaza na kuipitisha rula juu yake kama anapiga pasi. "Hundi haikunjwi, kaka."

"Hiyo imenisumbua. Tanga wamekataa. Wanasema nije na mwenyewe, au niende kwao walioiandika waifungue. Nimeona nianze na ninyi, ni watu wa kwetu."

Dada Salome alikuwa anasoma. Alisoma tarehe, jina, tarakimu na maneno, sahihi, kisha pembeni. Kisha akanisogezea, kidole chake kikiwa juu ya pembe ya kushoto. Vidudu vilikuwa pale, vimepigwa kwa taipu, hafifu, kwenye wino unaoisha. Kwa akaunti ya mlipwa tu. Karani fulani wa kiwanda, ambaye mpaka leo sijui jina lake, alikuwa amejipa taabu ya kurudisha karatasi ile kwenye mashine na kupiga maneno machache.

"Wewe ndiye Mwanahawa?" akauliza Dada Salome.

Rashidi akatabasamu kwa shida. "Mama, usinifanyie mzaha. Mimi ni mkubwa wa familia. Marehemu ni mdogo wangu, nilimsomesha mimi. Huyu mwanamke hajawahi kuingia benki, mlinzi wenu mwenyewe amemrudisha mlangoni."

"Najua, kaka. Na mlinzi tumeshazungumza naye."

"Sasa fedha ya mdogo wangu nisiishike?"

"Hundi haijui mkubwa wala mdogo. Inajua jina moja."

Akanyoosha mkono aichukue. Dada Salome akamrudishia. Nilishangaa, na yeye Rashidi alishangaa zaidi. Akamwambia, "Siwezi kukunyang'anya. Ukiichana, kiwanda kitaandika nyingine. Ukiiweka, itaoza mfukoni mwako, na yeye bado atadai. Ukimleta, nitamfungulia akaunti siku hiyo hiyo. Aje na picha mbili na barua ya serikali ya kijiji. Barua inataka mtu wa kumthibitisha, kaka. Ningependa uwe wewe."

Rashidi alikaa kwenye benchi. Alikaa muda mrefu, kofia magotini, watu wakipita mbele yake na bahasha zao. Sisemi alitaka kumdhulumu. Sijui. Kuna watu wanaoamini kweli kwamba fedha ya marehemu ni lazima ipitie mkononi mwao ndipo iwe salama, na wengi wao hawajawahi kujiuliza salama kwa nani. Baadaye aliinuka akatoka bila kuaga.

Alhamisi, siku ya gulio tena, walikuja wawili. Mwanahawa alitangulia kwa hatua chache, ana picha mbili kutoka studio ya karibu na stendi, bado zinanuka dawa. Mlangoni alisita. Rashidi akasema nyuma yake, si kwa furaha, "Haya shemeji. Ingia." Barua ya kijiji ilikuwa na sahihi yake.

Nilimshika Mwanahawa dole gumba nikalikandamiza kwenye kadi ya sahihi, kwa wino ule ule wa zambarau. Hundi ilikwenda na kurudi kwa njia zake, siku zile ilichukua majuma, na kila gulio alipita dirishani kuuliza kama fedha imefika. Ilipofika hakuitoa yote. Alijenga vyumba viwili kwenye kiwanja cha upande wa mama yake, akahama kwenye boma la wakwe. Nasikia Rashidi hakuzungumza naye msimu mzima wa masika. Nasikia pia siku ya kupaua alikuja akashika ngazi. Yote mawili nimeyasikia, sikuyaona.

Dada Salome hakuifurahia kesi ile kama mimi nilivyoifurahia. Nilimwambia mistari imemwokoa. Akasema mistari hiyo hiyo ndiyo iliyomrudisha mlangoni analia. Kwa aliye na akaunti, alisema, mistari ni kufuli. Kwa asiye na akaunti ni ukuta, mpaka mtu amwonyeshe mlango. Tangu hapo kila aliyekuja kuandika hundi mbele yake alimwuliza kwanza: unamwandikia nani, na ana akaunti? Kama hana, mweleze kabla hujachora. Swali hilo linachukua muda mfupi kuliko kutafuta rula.

Na alimfundisha Mzee Hassani neno. Asiseme imekatwa, aseme imefungwa. Mzee Hassani alilipokea kwa moyo wote. Kila aliyefika mlangoni na hundi ya mistari alimtangazia kwa sauti ya askari, "Imefungwa!" Watu wa nyuma kwenye foleni wakaanza kuondoka, wakidhani ni benki. Ilibidi afundishwe upya kusema kwa sauti ndogo.

Siku zangu za mwisho kazini hundi zilikuwa chache. Watu wanatumiana kwa simu, na ni vema, simu haisubiri gulio. Sina la kuwaambia dhidi ya simu. Ila simu ni ya mtu mmoja, na vikundi bado vinapenda karatasi inayotaka sahihi mbili. Kikundi chetu cha wastaafu cha kuzikana kina kitabu cha hundi, na mimi tangu Januari ndiye mweka hazina. Dada Salome ndiye aliyenipendekeza, akiwa tayari hawezi kutoka kitandani.

Kwa hiyo baada ya maziko, watu wakiwa wanakula chini ya turubai, mwenyekiti wetu aliniita tumlipe fundi aliyetengeneza jeneza. Ni kijana, karakana yake iko Bumbuli, alikuwa bado na vumbi la mbao kwenye nyusi. Nilimwuliza kama ana akaunti. Akasema anayo. Nikaandika jina lake, nikaandika tarakimu na maneno, tukatia sahihi wote wawili. Kisha nikaomba rula. Hakuna aliyekuwa nayo. Fundi akanipa kipande cha mbao kilichobaki kwenye jeneza, kimepigwa randa vizuri, nikakitumia hicho. Mistari ilinyooka. Nikaandika maneno katikati.

Alipoipokea akaitazama, uso ukabadilika. "Mzee Athumani, mbona umeikata?"

Nikageuka nifute macho kwa kofia. Siku nzima sikuwa nimelia.

Kwenye mkeka uliokuwa karibu nasi kulikuwa na bibi mmoja aliyekuja kutoka Vuga tangu jana yake na kulala matangani. Alikuwa amesikia. Akasogea, akachukua hundi mkononi mwa kijana, akaiweka mbali na macho kama wafanyavyo wazee.

"Haijakatwa, mwanangu," alisema Mwanahawa. "Imefungwa, ili asiile mwingine. Hao vidudu katikati ndio walinzi. Nenda nayo benki, usiogope mlangoni."

Akamrudishia. Kijana akashukuru, akaanza kuikunja aitie mfukoni.

"Usiikunje," akamwambia.

Kijana akaikunjua, akaenda zake kwenye mvua akiwa ameiweka kifuani, ndani ya koti, imenyooka.